Kozi za Uongozi Magerezani Zianze na Koplo

Ukitoka Voi kuelekea Mtito Andei kwa barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, unapita Manyani. Hapo pana taasisi mbili za watu wa sare: gereza kuu lenye ulinzi mkali, na chuo ambako Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, huwafunza askari wake. Askari wa KWS akihitimu huingia porini na bunduki na kikosi chake, akimsaka jangili ambaye huenda asimwone tena maishani. Askari jela huingia kwenye bloki bila bunduki, akiwa na wenzake wachache, katikati ya umati wa watu atakaowakuta kesho, keshokutwa na pengine miaka 10 ijayo. Kazi hizi mbili hazifanani. Hata hivyo, Idara ya Magereza imewalea viongozi wake kana kwamba wote wanakwenda porini.

Msimamo wa safu hii ni kwamba mafunzo ya uongozi magerezani yanaelekezwa juu kupita kiasi. Wanaopata kozi ni maafisa wakubwa, wanazipata wakiwa mbali na vituo vyao, na wengi huzifuata kwa kuwa bila cheti hawapandi cheo. Huku chini, koplo wa zamu na sajini wa bloki, ambao ndio wanaoamua kila siku kama mfungwa atapigwa au atasikilizwa, wameachwa wajifunze kwa kumwiga aliyewatangulia. Kozi zianze kwao, zifanyikie kituoni, na mkuu wa gereza akae darasani pamoja nao.

Taita Taveta ni kaunti nzuri ya kuipimia hoja hii, maana ina magereza manne yasiyofanana. Manyani hufunga watu wa vifungo virefu waliotoka pande nyingi za nchi. Voi huhudumia mji wa njia panda, wenye mahakama inayosikiliza kesi za nyamapori kutoka kingo za Tsavo pamoja na wizi wa kawaida wa mjini. Wundanyi liko juu milimani. Taveta liko karibu na mpaka wa Tanzania, kwenye njia ambayo wasafirishaji haramu wa watu wamekuwa wakiwapitisha vijana wa Ethiopia wanaosaka maisha Afrika Kusini. Mkuu wa gereza dogo la mpakani anaweza kuamka akiwa na kundi la wageni wasiojua Kiswahili wala Kiingereza, wasio na ndugu wa kuwaletea hata kipande cha sabuni. Gwaride halimwandai mtu kwa asubuhi kama hiyo.

Naye mama wa Bomeni, pale Taveta, ambaye mwanawe yuko rumande, hamjui Kamishna Mkuu wala hana haja ya kumjua. Anayemjua ni konstebo wa getini: kama alimwitikia shikamoo yake au alimkodolea macho tu, kama alimwambia ukweli kuhusu tarehe ya mahakama, kama alitaka kitu kidogo kabla ya kumruhusu apite. Kwa mama huyo, huo ndio uongozi wa magereza ya Kenya, wote.

Watu wengi hudhani gereza hutawaliwa kwa kuta na rungu. Hebu tupige hesabu. Kwa miaka mingi magereza ya Kenya yamebeba watu karibu mara mbili ya nafasi zilizojengwa, na sehemu kubwa yao ni mahabusu ambao kesi zao hazijaisha. Usiku milango ikishafungwa, askari wa zamu ni wachache mno kuweza kuwalazimisha waliomo kwa nguvu za mwili. Wafungwa wakiamua kukataa kwa pamoja, askari hana la kufanya ila kupuliza kipenga na kungoja msaada. Usiku hupita salama kwa sababu waliofungwa, kwa sehemu kubwa, wamekubali kutulia. Na hukubali wanapoona kwamba mambo yana utaratibu unaotabirika: chakula kinagawiwa sawa, adhabu ina sababu inayoelezwa, barua ya rufaa ikipelekwa ofisini haipotei, na mwenye pesa hanunui kona nzuri ya kulala.

Andrew Coyle, aliyewahi kuongoza gereza la Brixton jijini London, aliuandika mwongozo wake wa usimamizi wa magereza wa mwaka 2002 juu ya msingi wa uhusiano huo kati ya mlinzi na mlindwa. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zimeufanya kuwa sharti la mafunzo ya kila askari jela: ajifunze ulinzi unaotokana na kuwajua wafungwa wake, kuzungumza nao na kuhisi mapema kinachochemka. Kanuni hizohizo zinataka mkuu wa gereza awe mtu mwenye tabia, uwezo wa kiutawala, mafunzo na uzoefu unaofaa, afanye kazi hiyo muda wake wote, na aishi gerezani au jirani yake kabisa. Zinataka pia mafunzo yaendelee mtu akiwa kazini, yasikomee chuoni.

Ulinzi wa namna hii hauwezekani habari zisipopanda. Konstebo aliyesikia fununu kwamba kuna simu imeingizwa bloki amwambie koplo, koplo amwambie sajini, sajini amfikie inspekta, na inspekta amgongee mlango mkubwa. Ngazi moja ikiogopa, habari inafia hapo. Na ngazi huogopa palipozoeleka kwamba mleta habari mbaya ndiye anayegeuzwa mshukiwa. Hapo ndipo uzito wa mkuu wa gereza ulipo. Kila asubuhi anaposimama mbele ya gwaride anafundisha, apende asipende. Akiuliza idadi ya wafungwa peke yake, askari watajua kwamba kinachotakiwa ni hesabu kutimia, basi. Akiuliza pia nani alikosa kufikishwa mahakamani jana na kwa nini, nani amelala bila dawa, nani amegoma kula, muda si muda askari watakuja na majibu kabla ya kuulizwa.

Pwani yetu ina kisa cha kutisha kuhusu ngazi hizi. Manyani yenyewe ilifunguliwa mwaka 1954 kama kambi ya kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau wakati wa Hali ya Hatari. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola huko Tana River, askari waliwapiga wazuiliwa kwa virungu na 11 wakafa. Askari hao walikuwa wakitekeleza mpango wa kuwalazimisha wazuiliwa wafanye kazi, mpango ulioandikwa na afisa mwandamizi wa magereza, John Cowan. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai waliokufa walifariki baada ya kunywa maji. Mmoja alichora mpango ofisini, wakubwa wakaupitisha, mkuu wa kambi akaupeleka shambani, na mwenye rungu akautimiza. Shuleni Hola husomwa kama ukatili wa mkoloni, na ulikuwa ukatili kweli. Kwa mwalimu wa uongozi wa magereza, ni pia kisa cha amri iliyoshuka ngazi zote bila mtu wa kuirudisha juu, kisha uongo ukapanda kwa ngazi zilezile. Kinafaa kusomwa katika Chuo cha Mafunzo cha Magereza, Ruiru, na kurudiwa kila kituo.

Wapo watakaosema jela humgeuza mtu yeyote kuwa katili, afunzwe asifunzwe. Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 1971, ambapo Philip Zimbardo aliwagawa vijana kuwa askari na wafungwa katika jela ya bandia, akalazimika kulisimamisha baada ya siku 6. Kwa miongo mingi dunia iliambiwa kwamba wale askari walijigeuza wenyewe. Kisha kumbukumbu za jaribio zikafukuliwa. Mwaka 2019 wanasaikolojia Alexander Haslam, Stephen Reicher na Jay Van Bavel walichapisha uchambuzi wa kanda ambamo David Jaffe, aliyepewa nafasi ya mkuu wa jela hiyo, anasikika akimsihi askari mmoja mpole awe mkali zaidi, akimweleza kwamba ukali wake utasaidia lengo kubwa. Ukatili ule ulikuwa na mtu wa kuuongoza. Wanaosema mafunzo hayana maana wanalitegemea jaribio ambalo, likisomwa vizuri, linawapinga.

Nchini Kenya, jela ikitikisika hutafutwa mtu wa juu wa kubadilishwa. Aprili 2008 askari jela waligoma, wakilalamikia marupurupu ya hatari, nyumba na jinsi walivyosimamiwa. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza mgogoro huo chini ya Meja mstaafu Marsden Madoka, mwana wa Taita aliyewahi kuwa mbunge wa Mwatate na waziri. Kamishna Gilbert Omondi akaondoka, akaja Isaiah Osugo kutoka polisi. Novemba 2021 wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walitoroka gereza la Kamiti, wakakamatwa Kitui siku chache baadaye. Rais Uhuru Kenyatta alimfuta kazi Kamishna Mkuu Wycliffe Ogalo na kumteua Brigedia mstaafu John Warioba. Mara ya kwanza polisi, mara ya pili mwanajeshi. Mkubwa kuwajibishwa ni haki. Lakini uteuzi wa Nairobi haumfunzi koplo wa zamu ya usiku neno hata moja kuhusu la kufanya mwenzake anaposinzia mnarani, au anapomwona rafiki yake akipokea bahasha.

Mwaka 2003 mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Moody Awori, waziri wa Mambo ya Ndani aliyekuja kuwa Makamu wa Rais mwaka huohuo, alifungua milango ya magereza kwa waandishi wa habari, mashirika na jamaa za wafungwa. Anakumbukwa kwa kuwapelekea wafungwa magodoro na televisheni. Kubwa zaidi ni kwamba waziri aliingia ndani, akaketi, akauliza, na askari wakamwona akiuliza. Mageuzi yake yalishika mizizi pale yalipomkuta mkuu wa gereza aliyeyaelewa. Wanini Kireri, aliyeongoza gereza la wanawake la Lang'ata na pia la wanaume la Shimo la Tewa, Mombasa, kabla ya kukabidhiwa chuo cha Ruiru, ni mmoja wa maafisa walioonyesha kwamba ukuta, bajeti na msongamano vikibaki vilevile, hali ya ndani bado inaweza kubadilika. Udhaifu wa enzi hiyo ni kwamba ilisimama juu ya watu binafsi. Mtu alipohamishwa, wa pili alianza upya, na mara nyingine alianza kwa kurudisha kufuli zilizofunguliwa.

Kozi zilizopo zinahitaji kusemwa bila chuki. Chuo cha serikali cha mafunzo ya utumishi, KSG, kina kampasi Lower Kabete, Embu, Baringo, Matuga na Mombasa, na hutoa kozi ya wiki 4 ya mameneja wa ngazi ya juu na nyingine ya wiki 6 ya uongozi wa kimkakati. Wahadhiri wanajua kazi yao. Tatizo ni mkao wenyewe. Mkuu wa gereza huketi kando ya afisa wa uvuvi na mhasibu wa wizara, wakajadili maono ya taasisi na mpango wa miaka mitano. Anarudi kituoni peke yake, amebeba msamiati ambao naibu wake hajausikia na sajini wake anaucheka kimoyomoyo. Akianza kubadilisha ratiba, kituo kizima kinajua dawa yake: kuvuta subira hadi barua ya uhamisho ifike. Nayo hufika.

Hoja nzito zaidi dhidi ya safu hii ni ya pesa. Askari ambaye familia yake na ya mwenzake zinagawana chumba kimoja kwa pazia, ataambiwa nini kuhusu uongozi? Hoja hiyo haina jibu rahisi, na anayeipuuza hajawahi kufika kwenye laini za askari jela. Jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililowasilisha ripoti yake Novemba 2023, liliyataja masilahi ya polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, kwa uwazi, na nyongeza ya mishahara iliyopendekezwa ikapangwa kulipwa kwa awamu za miaka mitatu. Nyongeza hiyo ni halali yao. Hata hivyo mshahara mzuri haumzuii koplo kuuza nafasi ya kulala, na nyumba ya matofali haimfanyi sajini amsikilize konstebo. Wataalamu wa Marekani Bert Useem na Peter Kimball, walipochunguza ghasia za magerezani katika kitabu chao cha 1989, walikuta kwamba mlipuko hutokea hasa pale utawala wa ndani unapovunjika: amri zinagongana, walinzi hawajui nani msemaji wa mwisho, wafungwa wanaona kila kitu ni bahati nasibu. Umaskini peke yake haukutosha kueleza.

Hoja nyingine ni lawama kwamba mafunzo ya haki humlainisha askari na kumpa mfungwa kichwa. Wanaosema hivyo wangetembelea madarasa ya sheria ambayo shirika la Justice Defenders limekuwa likiyaendesha katika magereza ya Kenya na Uganda, ambako askari na wafungwa husoma pamoja shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London. Wafungwa hawakugeuka wakuu wa jela. Askari aliyeketi pale hupata faida ya kikazi kabisa: anajua rufaa ni nini, anajua kwa nini mtu wa rumande ana hasira Ijumaa jioni baada ya kesi kuahirishwa, na anaweza kumtuliza kwa maelezo ambapo mwenzake angetafuta rungu. Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia aliyefungwa haki zake zote isipokuwa zile zisizopatana na hali ya kufungwa. Askari asiyekijua kifungu hicho anatembea gizani, na siku ya kesi atasimama kizimbani peke yake, maana aliyempa amri kwa mdomo hatakumbuka.

Wanaolilia nidhamu ya kijeshi nao wana jambo lao. Gwaride hufundisha kufika kwa wakati, usafi na kutii. Gereza linavihitaji vyote vitatu. Lakini kutii ni nusu ya kazi ya koplo. Nusu ya pili ni kuamua, saa nane usiku, bila mkubwa wa kumuuliza, kama mfungwa anayelia tumbo anaigiza au anakufa.

Basi ifanywe nini, kwa kuanzia hapa Taita Taveta? Darasa la kwanza liwe kitabu cha matukio cha kituo chenyewe. Kila robo mwaka, kwa siku tatu, koplo, sajini, inspekta, naibu na mkuu wa gereza waketi pamoja wachambue matukio yaliyoandikwa: vita vya chakula, mahabusu aliyekosa gari la mahakamani, msako ulioishia kwa majeraha. Nani alijua, alijua lini, alimwambia nani, na kwa nini habari ilikwama? Mkufunzi atoke Ruiru, asaidiwe na afisa mstaafu ambaye hana cheo cha kupoteza. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko jirani na kinaweza kuombwa kuandaa na kutathmini masomo.

Maafisa wa chini wabadilishane vituo kwa wiki chache. Koplo wa Manyani akikaa Taveta ataona mahabusu wanaoingia na kutoka kila siku, huku yeye amezoea sura zilezile mwaka hadi mwaka. Wa Wundanyi akienda Manyani atajifunza jinsi ya kuishi na mtu aliyekata tamaa ya kutoka. Hayo hayafundishwi kwa slaidi.

Uhamisho wa mkuu wa gereza nao uwe na makabidhiano ya kweli. Anayetoka na anayeingia wakae pamoja angalau wiki mbili, wazunguke bloki kwa bloki, na anayetoka aandike ni mambo gani aliyaanza na yamefika wapi. Uganda ilikaa na Kamishna Mkuu mmoja, Johnson Byabashaija, kwa miaka mingi kuanzia 2005. Kukaa muda mrefu hakumfanyi mtu kuwa bora, ila kumeipa idara ile nafasi ya kumaliza ilichoanza. Kenya haiwezi kuahidi muda mrefu hivyo, lakini wiki mbili inaziweza.

Kuna pia ujuzi ambao hakuna anayeuhesabu kama uongozi: kuitumia Kamati ya Watumiaji wa Mahakama. Kamati hizi, zinazotokana na Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011, humkutanisha hakimu, mwendesha mashtaka, polisi, afisa wa urekebishaji tabia na mkuu wa gereza. Mkuu anayefika mkutanoni mikono mitupu atalalamika juu ya msongamano na kurudi nao nyumbani. Anayefika na orodha ya mahabusu walioshindwa kulipa dhamana ndogo, na ya wafungwa wa vifungo vifupi ambao wangefaa kutumikia jamii chini ya sheria ya mwaka 1998, ataondoka na majina yaliyopungua. Kuiandaa orodha hiyo ni kazi ya sajini wa ofisi ya kumbukumbu, na anaweza kufunzwa kwa siku mbili.

Upimaji ubadilike vilevile. Mkuu wa gereza asipimwe kwa utulivu peke yake, kwa kuwa utulivu unaweza kuwa woga. Itazamwe idadi ya mahabusu waliokosa mahakama kwa sababu ya gari au uzembe, mara nguvu ilipotumika na kama iliandikwa, malalamiko yaliyopelekwa ofisini na yaliyojibiwa. Kituo kisicho na lalamiko hata moja mwaka mzima kinapaswa kutembelewa kwanza, tena bila taarifa. Polisi wana mamlaka huru, IPOA, ya kuwachunguza. Askari jela hawana chombo chao cha namna hiyo, na hilo linaongeza uzito wa mkuu wa kituo kusikiliza mwenyewe.

Kikwazo kikubwa kinachobaki hakizungumzwi hadharani. Afisa anayepelekwa kozi mbali na kituo hulipwa posho ya kulala nje. Koplo anayefunzwa kituoni kwake halipwi hata nauli, maana hakwenda popote. Ndiyo sababu kozi za mbali zina wapenzi wengi na za kituoni hazina mtetezi. Idara ikitenga sehemu ya fedha hizo za posho, ikawalipa wanaofunzwa kituoni kiasi kidogo na kuifanya kozi hiyo ihesabike katika kupandishwa cheo kutoka koplo hadi sajini, Voi na Taveta zinaweza kuanza ndani ya mwaka mmoja wa fedha, bila jengo jipya wala sheria mpya.